Kabla Hujawapigia Simu Grimsby

Small Heath, Alhamisi jioni

Hooyo,

Nakuita kwa jina unaloniita wewe, kama mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe, na kama bibi yako alivyoniita mimi kule Nakuru hadi siku aliyonisindikiza kuja huku ughaibuni. Wewe na baba yako mmekwenda kuswali isha. Kwa mwendo wake wa mkongojo, na kwa jinsi anavyosimama kusalimia kila mwenye duka Coventry Road, najua nina muda wa kutosha kabla sijasikia ufunguo mlangoni.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulelea. Utakisoma polepole, najua, kama mtu anayekula samaki mwenye miiba mingi. Neno likikushinda lisome kwa sauti, masikio yako yatalitambua. Kiswahili chako chote kinakaa masikioni, mdomoni umeweka Kiingereza.

Sitakuandikia mambo ya kufua na kupika. Wali wako unaungua chini na kubaki mbichi juu, sijui unafanyaje, na barua haiwezi kuutibu. Nataka kusema na wewe juu ya Jumanne.

Jumanne nilikuwa nakosha vyombo, nimekupa mgongo. Nikasema, kama mtu anayesema jambo dogo, "Ungengoja mwaka mmoja tu, hooyo, baba yako apate nguvu." Kisha ukasema, "It's fine, hooyo. The lady's back Friday, nitawapigia." Usiku nilipopita nikaona begi lako liko wazi, nguo zimerudi kabatini, na yale mabuti mazito uliyonunua kwa ajili ya kazi ya mitambo ya upepo baharini umeyasukuma chini ya ngazi, nyuma ya ufagio. Kesho ndiyo Ijumaa. Treni yako ni saa tano asubuhi, na kabla ya hapo, ofisi ya Grimsby ikifunguliwa, utapiga simu uwaambie nafasi yako wampe mwingine.

Unajua nilifanya nini Jumanne hiyo? Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtoto mtiifu. Nikalala usingizi mzuri kabisa. Sasa nikiukumbuka usingizi ule naona haya.

Jana kazini ikafa seva moja. Hujawahi kuniuliza hasa nafanya nini kule, na sikulaumu. Mtaa mzima hudhani natengeneza kompyuta, ndiyo maana watu huniletea simu zilizoanguka chooni. Basi nikueleze kidogo. Tuna kumbi kubwa zisizo na dirisha, zimejaa makabati marefu ya seva. Mbele ya makabati ni baridi ya kuvaa sweta, nyuma yake ni joto la jikoni wakati wa Ramadhani. Seva za kuhifadhia hazifanyi kazi peke yake. Zinafungwa pamoja kadhaa, tunaita klasta, na kila moja humo ndani ni nodi. Kila kitu cha mteja kinawekwa nakala tatu, katika nodi tatu tofauti. Moja ikifa, mteja hajui. Zile nyingine zinashika kazi yake mpaka sisi tulete mpya tuipachike.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaiambia klasta kwamba hii inatoka, isiitegemee tena. Unawasha taa ndogo ya bluu kwenye ile mbovu ili uijue kati ya wenzake, maana zote zinafanana. Kisha watu wawili wanakwenda. Mmoja anashika kompyuta yenye namba ya mashine, mwingine anaisoma namba ile kwenye kibandiko chake, kwa sauti, kwa kuwa humo ndani mngurumo wa feni haukupi nafasi ya kunong'ona. Namba zikilingana, na wote wawili wakisema ndiyo, ndipo waya unachomolewa. Jana tulifanya hivyo, ikaenda salama. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya kabati lile lile, mahali pale pale, na nikakumbuka mara nyingine niliyosimama pale na mzee wangu Harbans.

Ulikuwa mdogo, hukumbuki kumwona. Alikuwa Singasinga wa Kisumu, kilemba cha bluu kila siku, fundi wa simu tangu enzi za nguzo za mbao. Nilipoanza kazi pale wengine walinisalimu kwa kichwa tu. Yeye aliliona jina langu kwenye kadi akaniuliza, "Wewe toka Kenya?" Nikasema Nakuru. Akapiga makofi mawili. "Nakuru! Beti, kuja kunywa chai." Tangu siku ile niliitwa beti, binti. Aliniletea chevda, zile karanga na dengu za pilipili, kwenye kopo la siagi. Alinifundisha kufunga nyaya zikakaa kama nywele zilizosukwa. Baba yako alipokuwa akifanya kazi za usiku na mimi sijui nani atakutoa shuleni, Mzee Harbans alikwenda kumwomba msimamizi abadilishe zamu yangu, nami sikumtuma.

Siku hiyo ilikuwa imekufa nodi, kama jana. Sheria ilikuwa mdogo asome kibandiko na mkubwa ashike kompyuta, lakini yeye alipenda kuinama mwenyewe. Akaenda nyuma, upande wa joto, miwani ikajaa ukungu, akaifuta kwa shati, akainama tena. Akasoma namba kwa sauti, na ilikuwa namba ile ile niliyokuwa nayo mimi kwenye kioo. Aliikumbuka kichwani, hooyo. Hakuwa anaisoma. Macho yalikuwa yameanza kumwacha na alikuwa hajamwambia mtu. Mkono wake ulikuwa umeshika nodi ya juu. Taa ya bluu ilikuwa inawaka na kuzima kwenye ya chini yake.

Niliiona. Sikuiona kwa mbali, wala kwa haraka. Nilisimama nikaitazama taa, nikautazama mkono wake, nikaitazama taa tena. Akanigeukia akauliza, "Sawa, beti?"

Nikasema, "Sawa, mzee."

Usinicheke. Jaribu kunielewa. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akisema usiku ni mchana, unaleta mwavuli wa jua. Mbele ya baba yangu hatukuwa tunasema "hapana", tulikuwa tunasema "inshallah" na kuondoka polepole. Nikajiambia huenda taa imekosea. Nikajiambia mzee wa miaka yote hii ataambiwaje na mimi, tena kwa kupiga kelele, mbele ya vijana waliokuwa safu ya pili. Niliona nikimsahihisha nitamvunjia heshima. Akachomoa.

Nodi mbovu huwa kimya. Hii ilikuwa inanguruma, kisha ikanyamaza, na alipousikia ukimya ule Mzee Harbans alijua kabla yangu. Klasta ikajikuta imepoteza nodi mbili, ile mbovu na hii nzima, vitu vingine vimebakiwa na nakala moja tu, na ikafanya inachofanya ikiogopa: ikakataa kupokea chochote. Mteja alikuwa mtu wa kuhifadhi picha za kliniki, zile za mifupa na za akina mama wajawazito. Mahali fulani kulikuwa na mama amelala kitandani na daktari hawezi kufungua picha yake. Tuliirudishia umeme. Mashine kama hizo haziamki upesi, hujikagua kiungo kimoja kimoja kama mzee anayetoka kitandani. Mzee Harbans alikuwa ananong'ona dua zao, mimi nasoma zangu, na kama ile nakala moja iliyobaki ingekufa wakati huo, picha zile zisingerudi. Hazikupotea. Mungu alitustiri.

Msimamizi alituita. Mzee Harbans hakungoja kuulizwa. "My mistake. I read it, I pulled it." Msimamizi akanigeukia mimi: "Did you notice anything at all?"

Nikasema, "No."

Walimtoa kwenye kumbi wakamweka mezani kupanga ratiba za watu. Alikaa kidogo, akastaafu kabla ya wakati wake. Siku ya mwisho tulimnunulia keki. Nilimshikia sahani. Bado nilikuwa najiambia kwamba nilinyamaza kwa heshima, na heshima si utumwa, kama tunavyosema. Nilikuwa nalitumia neno hilo vibaya, lakini lilinifaa.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kuliko nitakavyo kukuambia. Baba yako alipopatwa na kiharusi ndipo niliposhindwa kulibeba, maana mtu mwenye mzigo mpya hupenda kuutua ule wa zamani. Nikapanda basi mpaka Hodge Hill, nyumbani kwa Mzee Harbans. Wewe ulidhani nimekwenda kununua dawa. Alikuwa amevaa sweta ya kufumwa na kilemba cha bluu, miwani minene ajabu. Akanimiminia chai ya tangawizi inayokata koo. Nikamwambia.

"Mzee, siku ile niliiona taa."

"Taa gani?"

"Ya bluu. Ilikuwa ya chini. Niliona umeshika ya juu."

Akaweka kikombe. "Wewe naona?"

"Niliona."

"Na mimi nauliza wewe, sawa beti, wewe nasema sawa?"

"Wewe ni mzee wangu. Ningekuambiaje?"

Hapo alinikasirikia, hooyo. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Pale ndani mimi hapana mzee! Pale mimi iko macho moja, wewe iko macho ingine. Ndiyo sababu wanatuma watu wawili! Kama mimi nataka mtu ya kusema sawa-sawa, mimi nakwenda na kioo." Akasimama akaenda dirishani, akakaa huko. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi nakaa nyumba hii na heshima yako, beti. Haina kazi. Mimi nataka job yangu, hapana heshima."

Nililia. Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Kunywa chai, itapoa," na hatukulizungumza tena, wala siku ile wala nyingine. Nilimtembelea mpaka alipofariki. Kila nikienda alinipinga jambo fulani kwa makusudi, bei ya nyanya, njia ya basi, ili nami nimpinge. Nilikuwa nimechelewa kujifunza, lakini alinifundisha hilo pia.

Sasa unaona ninakokwenda. Jana nimesimama pale, tumeshachomoa, kila kitu salama, na ghafla nikauona uso wako wa Jumanne. Nilikuwa nimekupa mgongo lakini dirisha la jikoni usiku ni kioo, nilikuona vizuri. Uliniangalia, ukaliangalia begi lako pale mlangoni, ukaniangalia tena. Kisha ukasema sawa. Uso ule naujua, nimewahi kuuvaa.

Na nani alikufundisha? Wageni wakija nilikusifu mbele yao: "Zakaria wangu hana maneno, ukimtuma anakwenda." Wenzako walipokuwa wakibishana na mama zao madukani nilijivuna. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilikulea uwe mtu wa "sawa", kisha nikakutwika nyumba nzima kwa kuwa hukusema imekuelemea. Baba yako alipougua hakuna aliyekuomba ujifunze kumnyoa ndevu. Ulijifunza. Ulimpeleka mazoezini, ulimsomea barua za hospitali nikiwa kazini, ulimwogesha ukiwa na umri ambao vijana wengine hawawezi kuosha soksi zao. Nilikuona. Nikasema mashallah, nikaenda zamu.

Nikuambie na la ndani zaidi, kwa kuwa karatasi haina macho. Nilisema mwaka mmoja kwa ajili ya baba yako. Si kweli. Baba yako anapanda ngazi sasa. Yule tabibu wa mazoezi mwenyewe alisema anaendelea vizuri, wewe ndiwe uliyeniletea habari hiyo. Aliyeogopa ni mimi. Niliogopa kurudi kutoka zamu nikute viatu vyako havipo mlangoni. Nikamtumia mgonjwa kuwa sababu. Jumanne mama yako alishika nodi isiyo yake, hooyo, na wewe uliiona taa.

Sasa sikiliza nilichofanya leo. Sikwenda kazini. Nimewaambia naumwa, Mungu anisamehe. Nodi haitolewi ghafla huku bado imebeba. Unaitangaza, wenzake wanaanza kuchukua ilichobeba, na kwa muda taa zinakuwa za njano na feni zinapiga kelele. Mgeni akiingia atadhani kuna hatari. Ni kazi tu inagawanywa. Mimi nafanya hivyo kwa mashine za watu kila mwezi na nyumbani kwangu sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba mwanangu anaondoka.

Basi nilikwenda Shard End kwa shangazi yako Halima. Nilidhani atanihesabia makosa. Aliniuliza kwa nini kaka yake ananyolewa na mtoto wakati yeye dada yake yupo, kisha akavaa koti twende. Atakuja Jumanne na Alhamisi, asubuhi mpaka nirudi. Ndevu zitashughulikiwa na kinyozi wa karibu na msikiti, atakuja nyumbani kila Ijumaa kabla ya swala, ameapa hatamkata. Barua za hospitali nitazisoma mimi. Kiingereza ninacho, nilikuwa naziacha kwa sababu naziogopa.

Kisha nikagonga kwa jirani, Mama Furaha, ambaye tumekaa ukuta kwa ukuta tangu alipotoka Bukavu na sijawahi kumwomba hata kiberiti. Nikamweleza habari ya kumpeleka baba yako mazoezini. Akanishika mabega. "Mais dada! Juu ya nini haukusema? Miaka yote ile niko naona mutoto anasukuma baba yake ku mvua, ninasema, labda hawapendi tuingie mu mambo yao. Mume wangu iko na gari, inalala tu pale!" Nilisimama mlangoni kwake nikiona haya na nikicheka. Kumbe wao walikuwa wananyamaza kwa heshima, na sisi tunanyamaza kwa heshima, na wewe katikati unasukuma kiti cha magurudumu kwenye mvua.

Mwisho nikamwambia baba yako. Huyu ndiye niliyemwogopa. Nilikaa naye baada ya alasiri, ulipokuwa dukani, nikamwambia yote, kwamba nilikuomba ubaki, kwamba nilimtaja yeye, kwamba begi umelifungua. Alikunja uso. Ule mkono mzima akaupiga kwenye kiti, mara moja, mara mbili. Unajua maneno yanavyomtoka, kama maji ya bomba lenye hewa. Alihangaika na neno moja mpaka jasho likamtoka, nami nilijizuia nisimsaidie. "Aa. Aaende." Kisha akanitazama kwa ukali mpaka nikaitikia. Kwa hiyo usifikiri unamwacha. Utakuwa unamtii, na pengine kumtii yeye utaweza kuliko kuniasi mimi.

Sikuambii uende kwa kuwa mimi sasa nimesema nenda. Hapo nitakuwa nimekushika tena kwa mkono mwingine. Kama moyo wako mwenyewe hautaki Grimsby, kama bahari na urefu wa ile mitambo vinakutisha, piga simu yako kesho, ubaki, na sitakuuliza. Lakini kama mabuti yale uliyanunua kwa furaha niliyoiona usoni mwako siku ile ukiyajaribu sebuleni, ukitembea nayo juu ya zulia langu na mimi nakufokea, basi usinibakie mimi.

Nimezigawa kazi zako zote, hooyo, isipokuwa moja. Jumamosi mpira ukianza, baba yako anakaa kwenye kiti chake na wewe sakafuni. Kati ya maneno machache aliyobakiwa nayo tangu augue, lililo zima kuliko yote ni "offside". Analisema mpira ukiwa katikati ya uwanja. Analisema chai ikiwa moto. Alimwambia daktari. Nawe kila mara unaruka, "Never, ref! Never!" na anacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Leo Halima alisema atajifunza kuitikia. Nikamwambia hapana, asijifunze.

Kazini nodi ikitoka tunapachika nyingine, tunaijaza, na baada ya muda hakuna anayejua palikuwa na pengo. Hapa sitapachika mtu. Jumamosi atasema "offside", na sebule itanyamaza, na mimi nitakuwa jikoni nikiusikia huo ukimya. Nitalia kidogo, kisha nitapakua chakula.

Nasikia mkongojo wake kwenye ngazi za nje. Barua hii nitaiweka juu ya simu yako.

Mama yako, anayekupenda mpaka akakosea